Miguu ya Komanda Ipumzike

Jumatatu, 5 Julai 1999

Leo ni miaka miwili na miezi minne tangu niondoke Kasongo. Nilisema naenda Misisi miezi sita, nichimbe dhahabu, nirudi na mabati ya nyumba. Mabati! Niko hapa Baraka, nachomelea vyuma kwa Casimir, nalala karakanani, na ndoo ninayoogea si yangu.

Leo amepita Safari, muuza chumvi, mtu wa kwetu. Aliponiona aliangusha baiskeli. — We! Si balisema ulifunikiwa mu shimo, kule Misisi?

Kumbe kwetu wameshanililia. Mke wangu Pulchérie anavaa nyeusi. Tarehe mosi Agosti wanaondoa matanga, na siku hiyo hiyo anakabidhiwa kwa mdogo wangu Dieumerci, awe mke wake. Dieumerci! Tangu utoto anavaa mashati yangu bila kuuliza.

Safari anaelekea Uvira, harudi kwetu mpaka Septemba. Hakuna wa kumtuma. Lazima niende mwenyewe. Kutoka Fizi ni siku kumi kwa miguu, nisipozuiwa.

Jumanne, 6 Julai

Nimeomba karatasi ya njia ofisini kwa askari. Bila karatasi mwanaume mzima hapiti kizuizi: wanasema unaenda kujiunga na wale wapiganaji wa milimani. Karani ananuka lotoko, ile pombe kali ya kienyeji, saa tatu asubuhi. Hakuniangalia hata usoni. Anayetia sahihi ni Komanda Fabien peke yake. Yuko wapi? — Anatembea.

Alhamisi, 8 Julai

Komanda amejileta mwenyewe! Lakini si kwa ajili yangu.

Amekuja na ile pikipiki kubwa. Ni ya mzungu aliyekuwa anaizunguka Afrika. Vita vya kwanza vilipofika alipanda boti ya Kigoma akaiacha kwa wamisionari. Sasa ni ya Komanda. Kiti kipana kama cha sebuleni, masanduku mawili nyuma, kioo mbele cha kuzuia upepo. Watu hapa wanakimbia na magodoro kichwani, yeye anakimbia ameketi.

Komanda ni mrefu kupita kiasi. Anasema magoti yanamuuma. Ndani ya sanduku la mzungu alikuta gazeti lenye picha: mwanaume mnene kwenye barabara nyeusi, nyoofu kama rula, amenyoosha miguu mbele kabisa, kama mtu aliyemaliza kula. — Mi nataka hivi.

Casimir, aliyesoma, akaeleza: ni vyuma viwili vya ziada, vinafungwa mbele, kwenye bomba linalolinda injini. — Iyo banaita repose-pieds, ya kupumzisha migulu, Komanda.

Nimelisikia neno hilo nikacheka kidogo tumboni. Kazi yetu kubwa mwaka huu ni misalaba ya chuma, na kwenye kila kibao naandika ICI REPOSE, yaani hapa anapumzika fulani. Niliacha shule darasa la tano, lakini hayo maneno mawili naweza kuyaandika nimefumba macho.

Barabara nyeusi iko wapi hapa? Kutoka hapa mpaka Fizi malori yamechimba mitaro inayofika magotini.

Nikaomba karatasi yangu. Komanda akanyoosha mguu, akaupapasa. — Unipe migulu yangu kwanza, njo nami nikupe yako.

Askari wake wakacheka. Na Casimir akacheka, mnafiki.

Jumamosi, 10 Julai

Hakuna chuma mjini. Askari wameng'oa hata fito za madirisha ya shule. Bomba zuri lililobaki kwetu ni la Mama Marthe. Alituletea vyuma vya kitanda chake, vya rangi ya kijani, tumtengenezee msalaba wa mume wake Bonaventure, mvuvi, aliyepigwa risasi Swima mwezi wa tano. Nilishaumaliza. Ulikuwa unangoja rangi tu.

Casimir akauangalia msalaba, akaniangalia mimi. Akasema mikono ya msalaba ni kipimo kilekile cha vyuma vya Komanda.

Nimeikata. Mikono miwili ya msalaba, kipande kimoja kwa mguu wa kulia, kimoja kwa wa kushoto. Nguzo nimeiegemeza ukutani na kibao chake. Inaonekana kama mtu aliyekatwa.

Sikula jioni. Dagaa wa Casimir wananuka vilevile kila siku, lakini leo nilishindwa.

Jumapili, 11 Julai

Redio inasema jana wakubwa wametia sahihi amani, Lusaka. Basi kalamu ziko nyingi huko. Hapa natafuta sahihi moja tu.

Nje ya kanisa Mama Marthe akanishika mkono. — Fundi, musalaba wa baba yako ulisha kukauka? Ananiita mtoto wake, ndiyo maana anasema baba yako. Nikamwambia rangi bado mbichi. Rangi! Nimejichukia njia nzima.

Jumanne, 13 Julai

Niandike vizuri jambo la leo, nisije nikajidanganya baadaye.

Chuma cha namna hii lazima kikunjike. Kikigonga ukingo wa mtaro, kijikunje juu, pikipiki ipite. Kisipokunjika kinakuwa kama jembe: kinachimba ardhini, pikipiki inasimama kwa kichwa, na aliyeketi juu yake anaendelea na safari peke yake. Kwa hiyo niliweka bawaba, safi kabisa, kila upande.

Komanda akajaribu mpaka ufukweni, akarudi amekunja uso. — Inapiga makelele sawa sahani za mu prison. Ondoa iyo bitu. Chomelea, ikae!

Nikamweleza habari ya mitaro. Nikamwambia pia kwamba miguu ikiwa mbele, breki ya mguu inabaki nyuma hatua nzima, mpaka uirudie umeshafika kwenye shimo.

— Mi naendeshaka, we unachomaka.

Wote wakacheka. Nikatoa bawaba. Nikachomelea.

Hapa ndipo ninapotaka kuwa mkweli. Ningeweza kuchomelea vibaya, vikatike siku ya pili, apate aibu tu. Sikufanya hivyo. Nimechomelea vizuri kuliko kazi yoyote tangu nifike Baraka. Nilikuwa nawaza mtaro. Nilikuwa nawaza kwamba yeye mwenyewe ameagiza, mbele ya watu, hakuna wa kuninyooshea kidole.

Nilidhani nachukizwa tu na Komanda na askari wake, kumbe ni zaidi.

Alhamisi, 15 Julai

Komanda amepita sokoni mara tatu, miguu mbele, magoti wazi, soli zinatuangalia. Watu wakampisha. Alipokata kona, Zainabu wa maandazi akapiga makofi: — Bamama, mukuje! Komanda iko nazala!

Mwingine: — Mutoto atatokea Fizi!

Soko zima likacheka chinichini, midomo kwenye vitenge. Nimecheka mpaka machozi. Halafu nikakumbuka vile vyuma ni vya nani.

Karatasi bado.

Jumamosi, 17 Julai

Mama Marthe amekuja. Hakuuliza, aliingia moja kwa moja, akakuta ile nguzo ukutani. Casimir akakumbuka ghafla kwamba ana kazi uani.

Pikipiki ilikuwepo, imeletwa tutie hewa. Akaizunguka. Akainama mbele ya injini, akapitisha kidole pale rangi ya kijani ya kitanda chake ilipobaki kwenye chuma. Nikangoja matusi. Nilikuwa nayataka.

— Bonaventure hakupandaka piki hata siku moja, akasema. Sasa iko napanda.

Nikasema nisamehe, mama. Akaniuliza ni nini walichoniahidi. Nikamweleza yote: karatasi, matanga yangu, Dieumerci. Akasikiliza mpaka mwisho. — Basi uende, mwanangu. Mwenye hakukufa asiliwe matanga.

Akabeba nguzo begani na kibao mkononi. Atausimika msalaba hivyohivyo, bila mikono. Sikuweza hata kumsindikiza.

Jumatatu, 19 Julai

Komanda ametia sahihi! Kwenye paja lake, ameketi juu ya pikipiki, miguu juu ya msalaba.

Nikaanza kushukuru. Karani akasema, na muhuri? Muhuri uko Fizi. Bila muhuri hiyo ni karatasi ya kufungia karanga.

Komanda akasema hakuna tatizo, Jumatano anapanda Fizi kwa mkutano. — Utapanda nyuma yangu, fundi. Kiti iko kubwa.

Nikasema nitatembea. Akasema peke yangu sipiti hata kizuizi cha kwanza. Nikamwomba basi nirudishe zile bawaba, nusu siku tu, nitazifunga na mpira zisipige kelele. Akaniangalia kwa furaha kubwa, kama mtu aliyepata mzaha wa wiki nzima.

— Unaogopa kazi yako mwenyewe?

Mara hii Casimir hakucheka. Anajua.

Jumanne, 20 Julai

Leo pikipiki imeletwa nioshe na kupaka mnyororo mafuta. Askari mlinzi aliketi juu ya gurudumu la zamani, anatafuna muwa. Muwa ukamtuma nyuma ya ukuta. Nikachukua msumeno.

Nimekata chuma cha kulia kwa chini, pasipoonekana, mpaka kikabaki kidogo. Kitabeba mguu. Kikigonga mtaro kitakatika, tutayumba, tutapita. Nikajaza mkato kwa grisi na masizi. Kulia, tayari. Nikahamia kushoto. Sijavuta mara tatu, yule askari akarudi.

— Unakata nini?

— Kutu.

Akaketi tena, karibu zaidi. Hakuondoka mpaka walipokuja kuichukua.

Kwa hiyo chuma kimoja kimekatwa, kimoja kizima, na hicho kizima cha kushoto ndio uchomeleaji bora wa maisha yangu. Nimemuuliza dereva wa lori aliyeshuka kutoka Fizi jana, kama mtu anayepiga soga tu: mitaro mibaya iko upande gani ukipanda? Akafikiri. Akasema kushoto, baada ya daraja la miti. Akauliza kwa nini. Nikasema basi tu.

Vitu vyangu vyote vimeingia kwenye mfuko mmoja. Komanda anataka kuondoka saa moja asubuhi, kabla ya jua kali. Amenitumia salamu: nisisahau kunyoosha miguu.

Kesho Jumatano, Fizi. Alhamisi, na muhuri wangu, naanza kutembea. Siku kumi. Kasongo nitaingia Jumamosi tarehe 31, jioni, wanawake wakiwa wanatwanga unga wa matanga yangu.