Mwalimu wa Pili

Shoga, mkaguzi ametoka sasa hivi. Chekechea yangu haifunguliwi Jumatatu.

Vyoo kavipitisha, uzio kaupitisha. Akauliza, "Mwalimu wa pili mwenye cheti yuko wapi?" Nikamwonyesha wifi.

Wifi akasema, "Mimi sifundishi hapa. Nilimpa cheti tu, apate leseni."

Mbele yangu! "Nilimpa cheti tu." Si aliniahidi pale nyumbani kwako, kwa mdomo wake, kwamba atafundisha? Si ulimsikia?

Mkaguzi kaniambia kwa upole, "Mama, bila mwalimu wa pili siwezi kukupa leseni."

Sijalia hata. Nimekaa kwenye kiti cha mtoto, magoti kidevuni. Wifi anafagia darasa kama hakuna kilichotokea.

Mzazi mmoja kapiga simu, anauliza Jumatatu amlete mwanawe saa ngapi.

Nimemwambia saa mbili.