Dada, Walikupa Nini?

Dada yangu, niliyekufuata kila mahali isipokuwa hapo mwisho,

Jina lako silitaji. Barua hii itasomwa na wengi, na baadhi ya ndugu zetu hadi leo hawajui ulikufa na imani gani. Wanaoshuku, nawaacha washuku. Hata mimi ni mmoja wao.

Unanijua. Tangu kisiwani kwetu Koyama, ukiniletea samaki, kwanza nilikuwa nikimfunua mashavu nione kama ni wa leo. Ulikuwa ukicheka, ukisema nitamkagua hata malaika wa kutoa roho. Basi Mama Zawadi, yule Mtaita muuza mbaazi wa mtaani kwako Mombasa, alipoanza kuja kukukanda miguu baada ya ugonjwa kukulaza, ulidhani ningemwacha hivi hivi? Uji wake niliuonja kabla yako. Mafuta yake niliyanusa. Nilijiambia hakuna mgeni akandaye miguu ya mgonjwa asiyemhusu bila kutaka kitu.

Siku uliponiambia unamwamini Isa kama Mama Zawadi na Wakristo wenzake wanavyomwamini, nilikaa kitako sakafuni. Nikakuuliza walikupa nini. Dawa? Ahadi ya kupelekwa Ulaya, na mguu wako mmoja umo kaburini? Ukatabasamu, na lile tabasamu nalo nikalishuku.

Kisha ukamtaja mwanao. Tangu tulipovikimbia visiwa vyetu wakati wa vita, hukuwahi kumtaja. Homa ilimchukua safarini, tukashuka pwani ya Burgao, wanaume wakamzika mchangani haraka haraka, nasi tukaondoka kabla hujajua vizuri ni wapi. Nilikasirika. Nikakukumbusha kuwa hata sisi tulifundishwa katika chuo cha Kurani kwamba mtoto mchanga humvuta mamake peponi. Tumaini hilo ulikuwa nalo nyumbani, ukalifuata nini kwa jirani?

Ukanijibu polepole kwa lafudhi yetu ya visiwani, pumzi ikikukatika: "Wachu wechu walinambia nisilie. Huyu mama alilia nami. Akanambia hata Isa alilia kaburini kwa rafikiye, kisha akamwita, akatoka akiwa hai."

Nikamwona tena akilini shangazi yetu akikuziba mdomo kwa leso pale ufukweni, akikuhimiza ufanye subira.

Lakini wasiwasi haukuniisha. Nilikwisha kuona mbele: watakuja na jeneza lao, wazee wetu watakuja juu, nawe utagombaniwa mbele ya watu. Nikakuuliza waziwazi unataka uzikwe na nani.

"Nizikeni mtakavyo," ukasema. "Anayejua mwanangu alipolala, atanijua na mimi."

Ulipofariki tulikuosha, tukakusalia, tukakuzika Kiislamu. Mama Zawadi alikuja na wenzake. Nilisimama mlangoni mikono kiunoni, nikingoja wadai maiti. Hawakudai chochote. Walivua viatu, wakakaa mkekani na kina mama wa matangani, wakalia, wakaenda zao. Nilipoingia ndani nilitazama kama kuna kilichopotea.

Tangu hapo naitafuta hila yao. Nimedodosa majirani, nimemchunguza Mama Zawadi akipima mbaazi zake, na sijaipata, jambo linaloniudhi sana. Mimi nimebaki na dini yangu, usidhani nimelainika. Ila wewe ulikiogopa kifo maisha yako yote. Ulikuwa hupiti karibu na mava, penye makaburi, bila kunishika mkono. Nami nilikuwapo ulipokwenda, nikakuona umetulia, ukisema unakwenda kumchukua mtoto. Utulivu ule sijui pa kuuweka.

Nakukosa, dada, na ninaogopa. Wewe umepita mlango wako, mimi nitapita wangu. Tutakutana wapi? Nilikuuliza hilo asubuhi ya mwisho, nikiwa na hasira bado, nawe ukanambia tutaonana, kama mtu anayekwenda kisimani.

Wale watu bado siwaamini. Lakini wewe hukuwahi kunidanganya hata mara moja, na sioni kwa nini ungeanzia hapo.

Mdogo wako mbishi