Shemeji Analipwa Ovataimu, Mimi Nalipwa Asante

Mshauri mpendwa, nakuomba unizuie, maana Jumatatu nakusudia kumchongea shemeji yangu kwa bosi.

Mimi napiga pasi mashuka ya hoteli katika kiwanda cha kufulia, mbali na nyumbani, na shemeji, mume wa dada yangu, ni mimi niliyemtafutia kazi hii nikampa na nusu ya godoro langu, tunasimama meza moja, mvuke mmoja, jasho moja, usiku tunatoka pamoja, lakini mwisho wa mwezi yeye analipwa ovataimu, tena kwa kiwango cha juu kuliko saa za kawaida, na mimi napewa mshahara mkavu na "asante, wewe ni mtu wa kampuni." Nilipomuuliza msimamizi akasema mashine ya mahudhurio inaonyesha nilitoka saa kumi na moja jioni. Ni kweli, maana yeye mwenyewe hutuambia, "Wekeni vidole kwenye mashine mapema msisumbuke na foleni, halafu rudini mmalizie mashuka." Mimi natii. Shemeji hukaidi, huweka kidole anapoondoka, na mkaidi ndiye anayelipwa!

Kinachoniua zaidi ni simu ya mke wangu. "Wifi anaezeka mabati, mimi naambiwa uko ovataimu. Hiyo ovataimu yako inavaa sketi?" Shemeji akasikia, akacheka hadi godoro likatikisika. Siku hizi hata akikoroma naona ananikoromea mimi. Nataka kumwambia bosi kwamba anazembea makusudi ili saa ziongezeke. Ni uongo, najua, lakini angalau nitapumua.

Mpiga Pasi

*

Mpiga Pasi, kwa jasho lako pole, kwa huo uongo sikupi pole. Aliyekula haki yako ni msimamizi, nawe unataka kumng'ata unayegawana naye godoro! Kinachokuuma si kwamba umedhulumiwa, ni kwamba mwenzako hakudhulumiwa.

Na utii gani huo, kuiambia mashine umeondoka huku umeshika pasi? Kuanzia leo weka kidole unapokwenda kulala. Msimamizi akifoka, mwombe agizo lake kwa maandishi, uone atakavyopoa. Malipo ya saa za ziada si zawadi ya bosi. Kiwango chake kimo katika sheria ya kazi, na mkataba wako usome, au usomewe. Kisha nenda ofisi ya kazi ukadai na malipo ya saa zile za nyuma. Wahi, madai yana muda wake.

Huko watakuuliza nani alikuona kazini baada ya saa kumi na moja. Mezani mlikuwa wawili tu. Ukishamfukuzisha mmoja, nani atakusemea? Meza wivu, mwombe shemeji aende nawe. Na jioni hiyohiyo mpe simu azungumze na mkeo, amweleze mnatoka kazini saa ngapi. Wewe mkeo hakuamini tena. Yeye atamwamini.