Nikiri Mwanamke Asiyekuwepo, au Nionyeshe Matofali?

Mama Germaine mpendwa, nisaidie, na unisaidie kabla ya Jumapili tarehe 19 Oktoba, kwa sababu siku hiyo baada ya misa ya pili mashemeji zangu wanakuja nyumbani kunihukumu.

Mimi ni fundi umeme, nina miaka hamsini na sita, naishi Katuba hapa Lubumbashi na mke wangu Victorine, tulifunga ndoa kanisani miaka thelathini iliyopita, na kila siku naandika katika daftari langu tarehe na niliyoyafanya, kwa hiyo nitakayokueleza si ya kukisia. Jumamosi tarehe 8 Machi, Victorine akiwa kwenye maandamano ya wanawake na kitenge chake kipya, nilikwenda Kipushi kumsalimia rafiki yangu Sylvain, muuza mitumba, nikamkuta amefungua furushi kutoka Ulaya na ndani yake mna gunia la matofali ya plastiki ya kuchezea, yale madogo yenye vinundu juu, nikatia mkono, nikasikia ule mlio wao, na papo hapo nikawa tena mtoto wa miaka minane kule Sakania, siku ya Mtakatifu Nikolasi, kampuni ya reli ilipogawa zawadi kwa watoto wa wafanyakazi nami nikapata sanduku moja la matofali kama hayo, ambalo lilipotea tulipohamia huku.

Tangu siku hiyo kila Jumamosi niko Kipushi, kwenye chumba cha nyuma cha Sylvain, najenga stesheni ya Sakania kama ilivyokuwa, juu ya mlango wa zamani tulioulaza kwenye mapipa mawili. Jumamosi thelathini, Mama, mbili tu nilikosa kwa sababu ya matanga. Nimejenga jengo la tiketi, tangi la maji, kile chuma ambacho marehemu baba alikivuta kubadilisha njia za treni, na safu zote za nyumba za kambi ya wafanyakazi wa reli, pamoja na safu ya tatu ambako Victorine alizaliwa, na mara nyingine nimefumua ukuta mzima kwa sababu ya tofali moja lenye rangi isiyofaa. Sijawahi kufanya kitu kizuri hivi maishani mwangu. Kitu kimoja tu kimenishinda, ni bomba la maji la kambi, nimeliweka mara tano mahali patano, kwa sababu sikumbuki lilikuwa upande gani.

Sasa kosa langu. Niliona aibu, nikamwambia Victorine niko na chantier, kazi ya ujenzi, Kipushi. Matofali ya mitumba yana uchafu, lazima yaoshwe kwa sabuni, na mimi nikiosha naosha vizuri, kwa hiyo kila Jumamosi nilirudi mikono laini, ninaimba. Mwezi wa tisa akasimama mlangoni akaninusa. “Baba Plamedie, chantier gani ile inarudishaka mwanaume ananuka savon?” Akamwita kaka yake mkubwa, Alphonse, na Alphonse ameshatangaza katika ukoo mzima kwamba niko na deuxième bureau, mke wa pembeni.

Nimefikiri sana, Mama. Nikikiri mwanamke, mashemeji watanitoza mbuzi, nitapiga magoti, yataisha, maana wanaume wengi wamepita njia hiyo na bado wanaitwa wazee. Lakini nikikiri matofali ya watoto, Alphonse atanicheka katika kila matanga hadi nife, hata kwenye matanga yangu mwenyewe. Je, nikiri huyo mwanamke ambaye hayupo?

Wako, Osée, Katuba.

JIBU LA MAMA GERMAINE

Osée, hili nilikutumia kwa simu siku ile ile, kwa kuwa Jumapili haingoji gazeti. Sasa nalichapisha kwa ruhusa yako, ili wengine wenye akili kama yako wajifunze.

Baba, nimecheka, halafu nimekasirika. Umejenga stesheni kwa mikono yako, sasa unataka kujenga mwanamke pia? Mbuzi ataliwa siku moja. Huyo mwanamke wako wa uongo ataishi nyumbani mwako miaka yote iliyobaki. Victorine atamtafuta katika uso wa kila muuza mboga wa Kipushi, atalala naye kitanda kimoja, na wewe hutaweza kumfukuza, kwa sababu mtu asiyekuwepo hafukuzwi. Yote hayo ili Alphonse asikucheke! Umeoa Alphonse?

Aibu yako naielewa. Tumefundishwa kwamba mtu mzima hachezi. Lakini kati ya wanaume wanaokaa Jumamosi nzima mbele ya chupa na wewe unayeosha vitofali kwa sabuni, najua nani ningependa arudi kwangu jioni.

Basi sikiliza. Jumamosi usiende Kipushi kujenga, nenda kubeba. Lete mlango huo na stesheni yake yote, uuweke sebuleni, usiufunike na kitambaa. Mwambie Victorine kwanza, peke yake, kabla kaka yake hajavaa koti la kuja kukuhukumu. Omba msamaha kwa uongo, maana umemliza. Kwa matofali usiombe msamaha hata kidogo. Na lile bomba lililokushinda mara tano: umelala miaka thelathini na mtu aliyechota maji pale, Osée. Muulize.

BARUA YA PILI YA OSÉE

Mama Germaine, nanakili kutoka daftarini.

Jumamosi 18 Oktoba. Tumefika na pikapu ya Sylvain, mwendo wa maiti, yeye akiendesha na mimi nyuma nimeshika tangi la maji. Tumeulaza mlango juu ya meza ya sebuleni, kisha nimemweleza Victorine yote. Ameuliza: “Miezi saba unanidanganyaka, na miye niko nalia juu ya plastiki?” Amenipiga na kitambaa cha jikoni, mara tatu. Nimeomba msamaha kwa uongo. Kisha ameinama, ametazama muda mrefu, ameweka kidole. “Nani alikuambia bomba ilikuwa huku? Ilikuwaka kule, pembeni ya nyumba ya ba mama Kangwa. Siye tulikuwa tunapiganaka pale kila asubuyi!” Ameling’oa, amelibandika mwenyewe. Limekaa.

Jumapili 19 Oktoba. Alphonse amefika na koti lake na wajomba wawili. Hajakaa. “Huyu mwanamuke iko wapi?” Nimefungua mdomo, lakini Victorine amenitangulia: “Iko ku meza. Ingia, umusalimie.” Wameingia. Alphonse amecheka hadi machozi: “Shemeji! Muzee muzima, unachezaka na bintu bya batoto?” Amezunguka meza akicheka. Mzunguko wa pili amecheka kidogo. Wa tatu amevua miwani, amechungulia safu ya tatu. “Lakini nyumba yetu, juu ya nini uliitia dirisha moja? Yalikuwaka mawili. Ya nyuma ndiyo nilikuwa natorokeaka.” Victorine amemjibu: “Basi vua koti, utengeneze.” Amevua. Mbuzi nimemlipa hata hivyo, kwa uongo wangu, na tumemla wote, wajomba wakibishana treni ya Ndola ilikuwa inaingia njia ya kwanza au ya pili.

Jumamosi 25 Oktoba. Kipushi. Gunia jipya kwa Sylvain. Tumekwenda wawili, mimi na Victorine, tumerudi wawili, tunanuka sabuni.