Difu Ilikuwa Nzima

Jumatatu, 6 Oktoba
Gereji, Nakawa. Asubuhi breki za mteja, mchana difu yetu, gia za ekseli ya nyuma. Jumapili ni mashindano ya kuzunguka koni na gari letu, Mark Two, bado liko juu ya jeki. Gari moja, madereva wawili: mimi na kaka yangu Yusufu, dereva wa lori la polisi. Nimefunga difu ya kubana, ile isiyoacha tairi moja lizunguke bure kwenye kona. Uwiano wake ni 4.3, fupi. Ukitoka kwenye kona inaruka, lakini kwenye mnyoosho inadai gia ya tatu. Nyingine iko kwenye kreti, 3.9. Hiyo ukishaingia gia ya pili umemaliza, unaenda nayo mpaka mwisho, ila ina uvivu. Mimi nataka 4.3. Mwaka huu nataka kushinda, basi. Nimechoka kupigiwa makofi ya huruma.

Jumanne, 7 Oktoba
Yusufu kaja baada ya kazi. Tumepima kama marehemu baba alivyotufundisha: gari juu, gia huru, yeye ashike tairi la kushoto, mimi nizungushe la kulia. Difu nzima hugoma. Hii imezunguka laini.
"Umeshika?"
"Nimeshika, Zai."
Tumerudia. Ikazunguka tena. Sahani za ndani zimekwisha! Nimempigia muuzaji wa Kawempe aliyeniuzia, nimemfokea hadi nikakosa pumzi. Yusufu anafuta mikono tu.

Jumatano, 8 Oktoba
Anasema tufunge 3.9. Leo hii. Hajawahi kujali namba za difu maisha yake yote. Kwa nini? Eti anataka tu. Tumegombana mpaka mama akatufungia mlango wa jikoni. Nimemwita mwoga. Akavaa viatu, akatoka. Yusufu, akimbie ugomvi! Kuna kitu hapa na sikipendi.

Alhamisi, 9 Oktoba
Sikukuu ya Uhuru. Gereji tupu. Yusufu yuko kazini, anawapeleka askari wenzake kwenye sherehe.
Kabla ya kuifungua difu nikataka kuipima mara moja tena. Peke yangu. Nimeshusha tairi la kushoto likanyage sakafu, sakafu ishike badala ya mtu. Nikazungusha la kulia. Likagoma. Mikono miwili, mguu ukutani. Likagoma. Difu ni nzima. Nzima kabisa.
Banange, jamani.
Aliyeachia ni Yusufu. Mkono wake wa kushoto hauna nguvu. Gia tunabadilisha kwa kushoto, ndiyo maana anaitaka 3.9, isiyodai gia ya tatu. Kaniacha nimtukane yule muuzaji bure.
Na saa hii anaendesha lori limejaa watu. Nimempigia, hapokei. Nimepiga tena. Naogopa.

Ijumaa, 10 Oktoba
Alirudi salama jana magharibi. Alhamdulillahi.
Leo nimemngoja njiani, chini ya msikiti wa Kibuli, watu wakitoka kuswali. Nikampa mkono. Nikamwambia, bana. Akabana kwa kushoto. Hakuna kitu. Nimelia pale pale barabarani, watu wanatazama. Hospitali hataki. Wakijua kazini watamtoa kwenye lori, wamweke getini na bunduki. Nimekasirika vibaya sana. Nikamwambia 4.3 inabaki. Jumapili akiingiza gia ya tatu, nanyamaza. Akishindwa, Jumatatu hospitali. Amekubali.
Ni ukatili. Najua.

Jumamosi, 11 Oktoba
Nimebadilisha mafuta ya difu. Nimemwomba radhi muuzaji, kacheka. Yusufu hajala.

Jumapili, 12 Oktoba
Alitangulia yeye. Gia ya pili aliivuta kwa kiganja, nikaona. Kona zote safi, hakuna koni hata moja iliyoguswa. Anaendesha vizuri kuliko mimi, siku zote. Kisha mnyoosho. Nikamwombea aipate gia ya tatu. Mtego nimetega mimi mwenyewe, na bado nikamwombea. Injini ikalia, ikazidi kulia, kwenye gia ya pili ile ile mpaka mwisho wa uwanja. Watu wakacheka, eti dereva kasahau gia. Nilitaka kumpiga mtu.
Akashuka, akanipa helmeti. Hakunitazama. Mimi nikaendesha ovyo, nikaangusha koni. Sijali.

Jumatatu, 13 Oktoba
Hospitali. Mshipa wa fahamu umebanwa kwenye kiwiko. Huenda upone, huenda usipone. Kuendesha, hapana. Yeye mwenyewe amempigia simu mkubwa wake wa kazi, palepale kwenye benchi, sauti imenyooka.
Daktari alimuuliza imeanza lini. Mwezi wa Ramadhani, akasema. Mwezi mzima tulifuturu sinia moja, yeye na mimi, na sikuona.
Alipomaliza kupimwa alihangaika na vifungo vya shati. Nikamfungia, kimoja kimoja. Akaniachia.