Orodha ya Pumu Iliyorudi Tupu

Ndugu yangu, kaa chini kwanza. Nakupigia toka basini.

Jana nesi wa shule aliniomba nimtolee kwenye kompyuta wanafunzi wenzangu wenye pumu wanaokwenda safari ya mlimani. Nikaandika swali langu kwa mbwembwe, jibu likaja sifuri. Nikamwambia, "Nesi, kundi hili lina mapafu ya chuma." Akaziacha dawa zote za kuvuta kabatini.

Sifuri, ndugu yangu. Nami nikajisifu.

Leo asubuhi nimo ndani ya basi, vumbi likanibana kifua. Nikatoa dawa yangu, ile niliyoichomoa kabatini kwa nesi siku nyingi zilizopita. Nikaitazama. Nina pumu. Nakwenda mlimani. Mbona simo kwenye orodha?

Hapo ndipo nikaliona kosa. Kompyuta inampa mwanafunzi mstari mmoja kwa kila kundi lake: pumu mstari wake, safari mstari wake. Mimi niliomba mstari mmoja wenye pumu na safari kwa pamoja. Mstari huo haupo duniani.

Nikasema, "Simamisha basi." Dereva akacheka. "Wewe uliyenitilia chumvi kwenye chai? Leo hunipati." Akakanyaga mafuta.

Nikamfuata nesi kiti cha mbele, nikamwonyesha dawa yangu. "Mama, hata mimi sikutoka kwenye orodha." Akanitazama mpaka nikajuta kuzaliwa. "Dereva, geuza."

Tuliporudi shuleni, mara hii niliomba wanafunzi waliomo katika makundi yote mawili. Wakatoka kumi na mmoja.

Wa saba ni mdogo wako. Sasa tumeondoka tena, amekaa ubavuni kwangu, dawa mkononi, ananicheka. Mwache acheke.