Zulia la Haji Kalantar

Kashan, 14 Mehr 1349

Kwa dada yangu mpenzi Mahlagha,

Pokea salamu nyingi za nyumbani. Natumaini kikohozi kimekuacha na masomo ya ualimu huko Isfahan yanakwenda vizuri. Sisi hatujambo. Mama anakamua komamanga na kuitangaza harusi yako kwa kila apitaye mlangoni.

Uliniomba niwachunguze akina Kalantar kabla ya Ijumaa ya wiki ijayo, watakapokuja kuchukua jibu la posa ya Manuchehr. Sikutarajia kuwachunguza kwa njia hii.

Jumamosi asubuhi babake, Haji Kalantar, alileta dukani kwangu zulia kuukuu la kuuza. Alisema ni urithi wa bibi yake. Nililigeuza mgongo. Vifundo vilikuwa vidogo, vimebanana, na wekundu wake umefifia polepole kama unavyofifishwa na miaka. Ukale wake haukuwa na shaka. Haji aliwachekesha waliokuwepo akisema mimi ni daktari nisiyemruhusu mgonjwa aondoke bila ugonjwa. Akasema nitaje bei tu, maana sasa sisi ni ndugu.

Nikalowesha leso nyeupe nikasugua kila kona. Tatu hazikuacha kitu. Ya nne iliipaka leso rangi nyekundu, na watu wakaacha kucheka. Nikaivutia kona hiyo kwenye mwanga wa mlango. Eneo la viganja viwili lilikuwa limefumuliwa na kufungwa upya, ila katikati ya urembo wa majani ulibaki mkia wa herufi. Unajua mazulia gani huandikwa pale. Hili lilikuwa wakfu, limeibwa msikitini.

Haji aliniinamia sikioni, akaniambia nimfikirie dada yangu kabla sijafungua mdomo, kwa kuwa msichana aliyevunjiwa posa husemwa katika kila hamamu wanawake waogapo. Niliwaambia watu kwamba nitalitazama tena, nikalifungia stoo. Haji aliondoka bila kugusa chai yake.

Dada, baya zaidi ni hili. Vifundo vya kona ile vimelalia kushoto. Soko letu zima lina fundi mmoja tu wa kutia viraka anayefunga kwa mkono wa kushoto, naye ni Manuchehr. Nilimwita. Hakukana. Aliniuliza, kaka Nosrat, wewe baba yako angekuamuru ungemjibu nini? Nilimfungulia stoo, akalikunja zulia mwenyewe.

Jana tulilibeba pamoja hadi msikitini. Alimweleza imamu yote kwa kinywa chake, nami nimesimama nyuma yake. Babake amemfukuza nyumbani. Njiani aliniomba jambo moja: nisikuambie, atakuambia mwenyewe mkishaoana. Nilimwahidi, tukapeana mikono.

Ahadi hiyo nimeivunja kwa barua hii. Nisingeweza kukuacha useme ndiyo bila kujua. Ijumaa atakuja peke yake, na Mama hajui kwa nini. Nitumie telegramu ya neno moja, nami nitamfikishia, liwe lolote.

Mama anakubusu na anauliza kama unakula vizuri. Ujitunze.

Kaka yako akupendaye,
Nosrat